Nishani Haina Jina la Babu

Anayevuka Likoni, Mombasa, kila siku anaijua ile subira. Feri imejaa pomoni, mikokoteni imebanana na tuktuk, wanafunzi wamejipenyeza hadi ukingoni wapate upepo, kisha chombo kinapunguza mwendo kuipisha meli inayoingia au kutoka bandari ya Kilindini. Meli inapita polepole, ndefu kama mtaa mzima, makontena yamepangwa juu yake kama viberiti dukani. Abiria wanaitazama kidogo, wanarudi kwenye simu zao. Hakuna anayeuliza inakwenda wapi wala imebeba nini.

Mapema Februari 1944 ilipita mlango huohuo meli iitwayo Khedive Ismail, safari ya Colombo. Ilikuwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwemo askari na maofisa 996 wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki waliokuwa wakipelekwa vitani dhidi ya Wajapani. Walikuwemo pia mabaharia wa Uingereza, wauguzi wa kike, na mwandishi wa habari mmoja. Jumamosi ya tarehe 12, mchana, meli ikiwa katika maji ya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa makombora ya majini. Ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Waliokufa ni 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6. Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya sifa hupenda kulipita haraka: baadhi ya waliokuwa bado wanaelea waliuawa na mabomu yaliyotupwa majini na manowari za upande wao wenyewe, kwa sababu nyambizi ilikuwa imejificha chini yao na meli nyingine za msafara zilikuwa hatarini.

Yule mwandishi wa habari aliitwa Kenneth Gandar-Dower. Anakumbukwa mpaka leo, zaidi kwa kioja cha kuwachukua duma kutoka Kenya na kwenda kuwashindanisha mbio mjini London mwaka 1937. Ukimtafuta utampata, yeye na duma wake. Haya, mtafute mpiga mzinga mmoja wa rejimenti ile, kijana wa Kiafrika: alizaliwa wapi, shamba alimwachia nani, nyumbani habari iliwafikaje. Majina ya askari hao yamechongwa Nairobi, katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Jina lipo ukutani. Mtu mwenyewe ndiye aliyepotea.

Wazo la kuanzisha mashindano ya shule kuhusu wapiganaji wa zamani linapozungumzwa, basi, lingefaa kuanzia upande wa bara wa Mombasa: Likoni, Kisauni na Changamwe. Nairobi ina makaburi na ofisi. Huku ndiko walikopita watu, na huku ndiko waliko wajukuu wao, ingawa wengi hawajijui kuwa ni wajukuu wa nani.

Nchi nyingine hazikungoja. Marekani ina shindano la Voice of Democracy tangu 1947, linaloendeshwa na chama cha wapiganaji wa vita vya ng'ambo. Mwanafunzi wa sekondari hurekodi hotuba yake kwa sauti. Uingereza ina Never Such Innocence, lililozaliwa mwaka 2014, karne moja baada ya Vita vya Kwanza kuanza, ambalo hupokea mashairi, michoro, hotuba na nyimbo za watoto kuhusu vita. Australia ina Simpson Prize kwa wanafunzi wa mwaka wa tisa na wa kumi. Huyo Simpson alikuwa mwanajeshi wa huduma ya kwanza aliyesifika huko Gallipoli mwaka 1915 kwa kuwabeba majeruhi juu ya punda, na kwa punda huyo amepata shindano, sanamu na nafasi katika vitabu vya shule.

Mpwani akiisikia habari ya punda yule hana budi kuguna. Katika vita hivyohivyo, huku kwetu, punda na farasi walikuwa wakifa kwa mbung'o, na mahali pa punda wakawekwa watu. Ndio Kariakor, yaani Carrier Corps, wapagazi waliobeba risasi, unga na majeruhi kutoka pwani na reli hadi ndani kabisa ya Tanganyika, nyuma ya majeshi yaliyomfukuza Mjerumani Lettow-Vorbeck bila kumkamata. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1917 John Ainsworth alisimamia msako mkubwa kuliko yote. Mshahara ulishushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache wakilinganishwa na waliomalizwa na kuhara damu, malaria, kichomi na unga wa mahindi uliosagwa vibaya. Hesabu inayotajwa sana ya wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika kampeni ya Afrika Mashariki ni takribani 95,000. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuchukuliwa na mtu, na London ikakataa kuileta kwa ajili ya watu wa nchi walikotoka.

Dar es Salaam iliachiwa jina la Kariakoo, Nairobi ikaachiwa Kariokor. Mombasa ilipata sanamu ya askari pale Jomo Kenyatta Avenue, ambapo matatu hupita zikipiga honi na wachuuzi hutandaza bidhaa zao. Kumbukumbu hizo za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zilitengenezewa maandishi na Rudyard Kipling, mwandishi mkubwa wa Uingereza wakati ule, na maandishi yale yanamwahidi askari kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi nzuri. Ila jina lenyewe halikuchongwa, hata moja. Miaka karibu mia ikapita ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, katika ripoti yake ya Aprili 2021, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Januari 2025 huko Cape Town ulizinduliwa ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua Weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyo. Kwa hiyo majina yanaweza kupatikana pale anapopatikana mtu wa kuyatafuta.

Hapo ndipo shule zinapoingia, na hapo ndipo pia pana hatari.

Kila aliyewahi kusahihisha insha za mashindano anajua zinavyokuja. Aya ya kwanza methali, aya ya pili shukrani kwa waandalizi, kisha mashujaa "waliojitolea mhanga" bila kutajwa hata mmoja, halafu wito kwa serikali. Tamasha la Muziki la Kenya, lenye historia ya tangu 1927, limejaa tungo zinazodhaminiwa na taasisi za umma, kuanzia za kodi hadi za uchaguzi, na watoto huzighani kwa mikono na macho mpaka ukumbi unasimama. Ni sanaa ya kweli, isidharauliwe. Lakini mtoto anaweza kughani beti arobaini za wapagazi na kushinda kikombe bila kujua kwamba baba wa nyanya yake alikuwa mmoja wao, na nyanya mwenyewe amekaa nyumbani Bombolulu anasubiri kuulizwa.

Shindano linalofaa upande wa bara lingekuwa na sharti moja gumu kuliko mengine: hakuna insha bila mtu. Mwanafunzi alete jina moja la mpiganaji, mpagazi, baharia au mpishi wa kambi. Aeleze amelipata kwa nani, na ni kitu gani au sauti ya nani inayolithibitisha. Kurasa mbili zenye jina na shaka za kweli zipewe alama kuliko kurasa kumi za sifa.

Chukua mfano wa nishani. Ziko nyumba ambazo kwenye sanduku la bati, chini ya vitambulisho vya zamani na kanga ya harusi, mna nyota ya shaba yenye ncha sita, imekwajuka, utepe wake wa buluu iliyoiva una mstari mpana mwekundu katikati na mistari ya rangi ya chungwa pembeni. Hiyo ndiyo Burma Star, nishani ya waliopigana Burma. Mtoto akiipindua kutafuta jina la babu hatalipata. Nishani za Vita vya Kwanza ziliandikwa jina la askari ukingoni. Za Vita vya Pili Uingereza ilizitoa bila jina. Nyota ya jenerali na ya kuruta zilikuwa sawa, na ukiiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hakuna awezaye kujua ilikuwa ya nani. Jina la mwenyewe limebaki kwa nyanya, na kwa yeyote aliyewahi kumsikiliza.

Mwalimu mzuri wa historia akipewa nyota hiyo moja ana kazi ya muhula mzima. Kwa nini mtu wa Mtongwe au Mikindani alikwenda Burma? Atafika kwenye KAR, King's African Rifles, jeshi ambalo Waswahili walilifupisha wakaliita keya, na askari wake wakaitwa makeya. Atafika kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 masika yakiwa yamepamba moto, matope yanafika magotini, malaria inaangusha watu kuliko Wajapani. Atafika Kalewa, kwenye mto Chindwin, ambako Desemba mwaka huo wahandisi waliunga daraja la kuelea la mita 350 hivi, refu kuliko yote ya aina yake wakati ule. Wakaazi wa Likoni walipofunguliwa daraja la kuelea la Liwatoni, kuanzia Januari 2021, wengi walipiga picha kwa mshangao. Babu aliyevuka Chindwin angelitazama tu, akauliza kama mvua ikija litastahimili.

Kisha mwalimu atafika kwenye malipo, na hapo darasa litanyamaza. Askari Mwafrika aliporudi, bahashishi yake ya utumishi ilihesabiwa kwa kila mwezi kama ya Mzungu wa cheo cha chini, ila kiwango chake kilikuwa kama theluthi moja ya kile cha Mzungu. Wote walikuwa wamelala kwenye tope lilelile.

Mtu anaweza kusema: wazee hao wameshakwisha, mtoto atamhoji nani? Kweli. Aliyekuwa na miaka 18 vita vilipokwisha 1945 alizaliwa 1927, na hesabu iliyobaki hata mwanafunzi wa darasa la nne ataifanya. Ndiyo sababu ya kuharakisha. Watoto wa makeya ndio sasa wana miaka 70 na 80, na wakishaondoka hao, kitabaki kile alichoandika afisa wa Kizungu katika shajara yake. Tena mpiganaji wa zamani hana lazima ya kuwa na mvi. Ngome ya Jeshi la Wanamaji la Kenya, jeshi lililoundwa Desemba 1964, iko Mtongwe, ndani ya Likoni. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011, na mwisho wa Septemba 2012 wanamaji waliwashusha askari ufuoni Kismayu usiku. Mtu aliyekuwa humo leo huenda anaendesha bodaboda Shika Adabu, ana miaka arobaini na kitu, na mwanawe anasoma. Shindano likimsahau huyo litakuwa limefanya kosa lilelile la mwaka 1918, la kusubiri mtu afe ndipo atafutwe.

Upande wa Kisauni mambo yatapindana zaidi, na yaachwe yapindane. Huko wanaishi Wagiriama wengi, na mtoto wa Mshomoroni au Mlaleo akiuliza habari za vita vya 1914 anaweza kuambiwa kwamba watu wa kwao walipigana na Mwingereza mwenyewe. Mekatilili wa Menza alikamatwa mwaka 1913 kwa kuwaapisha watu wasitoe vijana wao kwa kazi za serikali, akapelekwa Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Agosti 1914, Ulaya ikiwa ndiyo kwanza inawasha moto wake, Waingereza waliilipua kaya takatifu ya Wagiriama kwa baruti, na walipowashinda wakawatoza faini ya rupia 100,000 pamoja na vibarua 1,000. Je, aliyekataa kubeba mzigo wa vita naye ni mkongwe wa vita? Waamuzi waachiwe wakwaruzane juu ya hilo. Insha itakayowagombanisha waamuzi kwa hoja kama hiyo imeshafanya kazi yake.

Ukishuka kusini kutoka Likoni, barabara ya Lungalunga inakufikisha Gazi, ambako Oktoba 1914 Wajerumani waliokuwa wakiielekea Mombasa walizuiwa. Miongoni mwa waliopigana upande ule wa pwani walikuwemo Waarabu wa Mombasa, wakiongozwa na Arthur Wavell, Mwingereza wa ajabu aliyekuwa amekwenda Makka mwaka 1908 akijifanya Mzanzibari, na aliyesindikizwa katika safari hiyo na Mswahili wa Mombasa aitwaye Masaudi. Wavell aliuawa Mwele Januari 1916. Masaudi je, alirudi? Alipigana naye? Ana kizazi? Swali kama hilo akipewa mwanafunzi mwenye masikio na ndugu Mji wa Kale, huenda akarudi na kitu ambacho profesa hajakipata.

Changamwe haina sanamu, ina kiwanja cha ndege. Kiwanja hicho cha Moi kilianza kama uwanja wa Port Reitz, uliojengwa na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili, na ndege za jeshi la wanamaji la Uingereza ziliruka hapo kusaka nyambizi. Na ng'ambo ya maji, kisiwani, Shule ya Allidina Visram ilichukuliwa na wavunja misimbo waliokimbizwa kutoka Colombo mwaka 1942, Kikosi cha Mashariki cha meli za vita za Uingereza kilipohamia Kilindini. Katika madarasa yale, Novemba mwaka huo, walifungua msimbo wa JN-40 uliotumiwa na meli za biashara za Kijapani. Wanafunzi wa Mombasa hufundishwa Pearl Harbor na Hiroshima kwa tarehe. Hili la darasa la jirani hawaambiwi.

Lipo moja la kuangaliwa kwa makini. Katika Likoni neno vita halimpeleki kila mtu Burma. Kwa wengi wenye umri wa kuanzia miaka 35 linawarudisha usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi kilipovamiwa, nyumba zikachomwa, na maelfu ya watu wakakimbia makwao. Mtoto akiingia nyumbani na daftari na kusema "nyanya, niambie habari za vita," anaweza kumfungulia mtu kidonda ambacho hakujua kipo. Walimu wawaandae watoto kwa hilo: waulize kwanza, wakubali kukatazwa, wasirekodi sauti ya mtu kwa kificho, na wajue kwamba kunyamaza kwa mzee nako ni jibu la kuandikwa. Na iwapo jibu litakuja kuhusu 1997, lisitupwe kapuni kwa kuwa haliendani na mada.

Lugha iwe Kiswahili, au lugha ya nyumbani ikifuatwa na Kiswahili. Makeya walipewa amri kwa Kiswahili, wakaandikiwa magazeti kwa Kiswahili, na walipobishana kambini, Mkamba na Mdigo na Mjaluo, walibishana kwa Kiswahili chao cha kombokombo. Kumlazimisha mjukuu atafsiri maneno ya babu kwa Kiingereza cha shule ndiyo njia ya hakika ya kuyanyoosha mpaka yasiwe yake tena. Na wanaopenda tungo wasizuiwe: Shaaban Robert aliandika utenzi mzima wa Vita vya Uhuru, akivisimulia vita vya Hitler kwa vina na mizani. Mtahiniwa wa Kisauni akileta utenzi wenye jina la babu yake ndani, upokewe kwa mikono miwili.

Waamuzi watatu wanatosha: mwalimu wa historia, mwanamaji mstaafu, na nyanya mmoja mwenye kumbukumbu kali asiyeogopa kumwambia mtoto, "Hapo mwanangu umedanganywa."

Zawadi nayo isiwe kikombe cha kukaa kabatini kwa mwalimu mkuu. Iwe tikiti ya treni. Kituo kikuu cha reli ya SGR kipo Miritini, hapohapo upande wa bara, na njia yake inapita Mariakani hadi Voi, kule ambako wapagazi wa Kariakor walishushwa waelekee Taveta. Washindi waende hadi Barabara ya Ngong, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Wengine hawatalipata jina walilolifuata, maana jiwe lina mapengo mengi. Mwingine ataliona, limeandikwa kwa herufi zilizokosewa kidogo, kama karani wa Kiingereza alivyolisikia mwaka 1943. Atalisoma kwa sauti jinsi linavyotamkwa nyumbani, kisha atatoa simu apige Likoni, kwa nyanya, kumuuliza kama huyu ndiye.